Regani na brichardi tangi moja: miezi 14 baadaye

Mwakeye, wadau! Na nyie wa Dar, Mwanza na kwingineko, habari zenu. Niko nyumbani, Mwanga, hapa Kigoma mwisho wa reli. Hiki kinachong'aa nyuma yangu ndicho mlichokuwa mnaniulizia: tangi la lita 240, samaki aina mbili, wote wakorofi, wote wa humu humu Ziwa Tanganyika. Nimekaa nao miezi 14 na leo nawapa hukumu yangu, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Ngoja nisogeze kamera. Huyu mwenye mistari myeusi inayokimbia kutoka puani mpaka mkiani ni Julidochromis regani. Mwangalie anavyoogelea: tumbo limeelekea jiwe muda wote. Jiwe likipanda, naye anapanda. Akiingia chini ya dari la pango anageuka kichwa chini miguu juu, ingekuwa ana miguu. Huyu ni jike, ana sentimita 11. Mumewe yule pale mdogo. Kwa regani mama ndiye mkubwa na mama ndiye mwenye nyumba, tuelewane mapema kwa sababu mbele huko itatuhusu.

Upande huu wa kushoto ni brichardi, Neolamprologus brichardi kwa jina kamili. Jina ni la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, jirani zetu hapo. Rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Watu wengi wanapita. Sasa subiri ageuke kwenye mwanga... hapo! Jicho la bluu, mapezi yamepigwa ukingo mweupe kama kanga mpya, na mkia umechanwa pande mbili, ncha zake ndefu kama nyuzi. Nyuma ya jicho kuna alama nyeusi kama herufi T iliyolazwa ubavu. Mama mkwe wangu alipowaona alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Mwanangu, hawa wanakua lini wafike sufuriani?" Kwa mtu aliyekulia kwenye migebuka na mawese, swali lake ni la haki kabisa.

Haya, kwa nini watu wanasema usiwachanganye? Kwa chakula hawana ugomvi. Regani anadonoa vijidudu kwenye mawe, brichardi anadaka vinavyoelea katikati ya maji. Ugomvi wao ni nyumba. Wote wanataga ndani ya mapango, na wote wakishataga hawataki kuona uso wa mtu. Kwa hiyo swali la "lita ngapi" mnaloniuliza kila siku ni la pili. La kwanza ni mawe umeyapangaje.

Mimi nimejenga vijiji viwili. Kulia rundo la mawe bapa, yamebanana, nyufa nyembamba: hiyo ni ya regani. Kushoto mawe ya duara na vyungu viwili vilivyovunjika mdomo: brichardi. Katikati mchanga mtupu, kama sentimita 40, hakuna hata kokoto. Huo mchanga ndio mpaka. Samaki wa mawe hapendi kukatiza uwanja wazi, anajiona yuko uchi. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, ndiyo maana mpaka umepatikana. Mwenye la sentimita 60 asijaribu, chagua aina moja. Na mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga, maana hawa wanachimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litakuja kulala juu ya samaki au kwenye kioo.

Sasa ile aibu. Mwezi wa tano nilitaka kupiga video nzuri. Nikaona rundo la kulia limekaa vibaya kwenye kamera, nikatia mkono, nikapanga upya mawe matatu. Matatu tu! Kesho yake asubuhi dume la regani limening'inia kwenye kona ya juu, nyuma ya bomba la filta, mkia umebaki kama ufagio uliochakaa. Kila akishuka, jike anapanda kumfuata. Hawa wanaishi kama mume na mke kwenye nyumba wanayoijua. Ukibomoa nyumba, na ndoa unaivunja. Brichardi niliokuwa nawaogopa hawakuwa na hatia yoyote. Nilimtenga dume kwenye kikapu cha wavu humo humo ndani ya tangi siku 16, mkia ukaanza kuota, nikamrudisha usiku taa zikiwa zimezimwa. Walikubaliana, ila mayai nilisubiri miezi mitatu. Tangu siku hiyo mkono wangu hauingii upande wa kulia isipokuwa kufuta kioo.

Brichardi nao wana lao. Nilianza na wadogo sita, nikijua wawili watachaguana. Walipochaguana, wale wanne wakageuka wakimbizi. Wawili niliwatoa mapema, mmoja nilimkuta amekufa, na mmoja akajificha mpaka kwa regani, huko nako akapokelewa kwa meno. Kwa hiyo ukinunua sita, uwe na tangi la pili au jirani wa kuwapokea. Usisubiri kama mimi.

Ila wakishatulia, hapo ndipo utalipenda tangi. Vifaranga wa uzao wa kwanza hawafukuzwi. Wanabaki, na mayai ya pili yakija wao ndio walezi: wanapepea, wanatoa mchanga kwa mdomo, wanafukuza adui aliyewazidi ukubwa mara nne. Nimeona kifaranga wa sentimita mbili anamkabili yule mama regani kwenye mpaka, mama akasimama, akamtazama, akarudi kwake. Nilicheka peke yangu saa nne usiku.

Ubaya ni kwamba ukoo unakua. Mwaka wa kwanza nilipata uzao minne, na kila uzao mpaka unasogea kulia. Sentimita 40 zikawa 30, zikawa 20. Bila kupunguza vifaranga, leo regani wangekuwa wanaishi nyuma ya filta. Kwa hiyo hukumu ya kwanza: hawa wanakaa pamoja kama wewe mwenyewe utakubali kuwa serikali. Kila baada ya miezi mitatu natoa vifaranga kwa wavu.

Maji. Sisi wa Kigoma tumependelewa, maji ya bomba letu yanatoka ziwani, pH yake, yaani kipimo cha maji kuwa ya asidi au ya magadi, iko karibu na 9, upande wa magadi, na ndiyo wanayoitaka. Mimi najaza pipa, naweka pampu ya hewa siku nzima klorini iondoke, kila Jumamosi nabadilisha robo ya tangi. Hita ninayo kabatini, sijawahi kuiwasha. Sebuleni kwangu maji yanakaa nyuzi 25 mpaka 27. Wadau wa Tabora, nyie maji yenu siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, na hayo ni laini, yaani yana madini machache. Wekeni mawe ya chokaa au simbi zilizopondwa ndani ya filta, na pimeni pH kabla ya kununua samaki.

Sikilizeni hapa vizuri. Amonia inayotoka kwa samaki, kwenye maji ya pH 7 sehemu kubwa haina makali. Kwenye 9, sehemu inayogeuka sumu ya kuchoma mashavu inaongezeka sana. Ndiyo maana mtu anaweza kufuga samaki wengine kwa uzembe wakaishi, hawa wakafa ndani ya wiki. Tangi likimbie na filta yake wiki nne mpaka sita, bakteria wanaokula hiyo amonia wazaliane, ndipo samaki waingie.

Chakula kwa kifupi: punje ndogo za kuzama, viluwiluwi vya mbu, na mara moja moja dagaa mkavu niliyemsaga. Dagaa aliyeanikwa mchangani mwoshe kwanza, na asiwe wa chumvi. Kidogo tu, mafuta yake yanachafua maji haraka.

Kuhusu tangi lenyewe: la kwanza lilijengwa na fundi vioo, kazi safi kwa macho, kumbe alitumia silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Nilipoteza samaki watatu kabla sijaliokota lile kopo uani na kusoma maandishi yake. Nunua silikoni mwenyewe, umkabidhi fundi mkononi. Na umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu. Ya kwangu iko hapa chini ya meza.

Kwa pointi: regani nampa tisa kwa kumi, ningemnunua tena kesho. Brichardi saba, uzuri wake ni kumi, uzazi wake ndio umemponza. Wote pamoja kwa anayeanza leo, hapana. Anza na regani wawili, ukae nao mwaka.

Kesho natoa vifaranga 20 wa brichardi, bure. Mwenye tangi lililokwisha kukimbia mwezi mmoja aandike hapo chini, na aje na ndoo yenye mfuniko, maana hawa wanaruka.