Brodkasti ya WhatsApp kwa mwandishi Muislamu: rivyu yangu baada ya miaka minne

Assalaam alaykum. Dada zangu wanaoanza kuandika wananiuliza sana hili swali, "wewe wasomaji umewatoa wapi?", na kila siku najibu vipande vipande, kwa hiyo leo naandika lote. Niko Mombasa, naandika blogu ya Kiswahili, mambo yangu ni nyumba, malezi, mapishi ya pwani na dini kwa kiasi cha elimu niliyojaaliwa, ushekhe sijadai. Makala zenyewe ziko Blogger, tovuti ya Google ya kuwekea blogu. Lakini wasomaji sikuwapata Blogger, sikuwapata Facebook, wala kwa kulipia matangazo. Niliwapata kwa brodkasti ya WhatsApp, ile ambayo wengi wanayo kwenye simu zao na hawajawahi hata kuigusa.

Blogger niimalize haraka. Ni ya bure, ilianza 1999 na Google wakainunua 2003, ni kongwe na sura yake kweli ya kizamani. Lakini nyepesi. Ukichukua templeti ya kawaida na ukapunguza picha, makala inafunguka kwenye simu ya bei rahisi na bando la mwisho wa mwezi, na wasomaji wangu wengi ndiyo hali yao hiyo. Matangazo hayatokei mpaka uyawashe mwenyewe, na hilo kwangu ni kubwa, nitalirudia. Ukitaka domeini yako, yaani anwani ya tovuti kwa jina lako, unaiunganisha, unalipia domeini tu. Na kwenye setingi kuna pahali pa kupakua nakala ya blogu nzima, mimi hupakua kila mwezi nikaiweka kwenye fleshi, na nyinyi fanyeni. Nyota nne.

Sasa brodkasti. Unachagua namba za watu uliowasevu, mpaka 256 kwenye orodha moja, unaandika ujumbe mara moja na kila mmoja unamfikia kama umemwandikia yeye peke yake. Hakuna anayeona namba ya mwenzake, na akijibu jibu linakuja kwako tu. Ila kuna sharti moja, nalo ndilo lililobeba kila kitu: mtu asiyesevu namba yako kwenye simu yake, ujumbe haumfikii.

Watu wakilisikia sharti hilo wanaikimbia. Na mimi mwanzo niliona kero, makala yangu ya kwanza nilituma kwa watu tisini na kitu, nikaingia kuangalia waliofikiwa nikakuta thelathini, nikadhani simu imeharibika. Nikaja kufahamu baadaye, wale sitini walinipa namba kwa kuona haya kunikatalia. Tulikutana harusini, nikawaomba namba, wangesemaje? Wale thelathini ndio walionitaka. Na wale thelathini walinisoma mpaka mstari wa mwisho, najua kwa sababu walijibu, mmoja akaniambia nimekosea jina la samaki.

Kutoka siku ile nikabadilisha namna ya kuomba. Simwombi mtu namba yake tena. Nampa yangu, namwambia ukiipenda isevu kisha nitumie salaam, asiponitumia basi yamekwisha na mapenzi yako pale pale. Orodha ikawa inakua polepole mno, wiki nyingine mtu mmoja, wiki nyingine hakuna, lakini kila anayeingia anakaa.

Ramadhan ya 2023, tumemaliza tarawehe, upande wa wanawake watu wamebanana wanatafuta viatu, mama mmoja mtu mzima akanipa simu yake. Kioo kimepasuka pembeni, nyuma kuna stika ya madrasa ya mjukuu wake. Akaniambia, "Mwanangu, nitilie mwenyewe, mimi macho yangu ya usiku siku hizi hayaoni." Nikaandika jina langu, akaniuliza umeandika nini, nikamsomea, akakataa. "Hilo sitalijua hilo. Andika Mwanangu wa Mapishi." Nikaandika hivyo hivyo, nikamtumia salaam pale pale, simu ikamlilia mkononi akafurahi kama mtoto.

Kesho yake nikatuma makala ya kaimati, yale madonge ya unga ya kukaanga. Kabla ya laasiri nikapata voisi yake ya dakika tatu, ananiambia kaimati haitiwi sukari ndani ya unga, ukitia inashika rangi haraka, nje nyeusi na ndani mbichi, sukari yake ni ile shira unayoimiminia baadaye, na unga upigwe kwa mkono mpaka uusikie umepumua. Nilikuwa nimeandika vijiko viwili vya sukari. Nikaenda jikoni nikajaribu njia yake, wallahi ni yeye aliyekuwa sawa, nikasahihisha makala na nikaandika juu kabisa kwamba nimesahihishwa na mama yetu mmoja. Alipoliona hilo akaiforwadi kwa ndugu zake Lamu na kwa binti yake aliyeolewa Muscat, na binti akawapa wenzake huko, na hao ndio wasomaji wangu wa kwanza wa Oman. Hakuna tangazo la kulipia lililowahi kunifikishia mtu Muscat.

Jambo la pili nililolipenda, na sikulitarajia, ni ile faragha. Niliwahi kuwa na grupu kabla ya brodkasti. Grupu lina kelele, mmoja anauza vitenge, mwengine anatuma dua ishirini kwa siku, wawili wanabishana mwezi umeandama au haujaandama mpaka watu wanatoka. Na kwenye grupu hakuna mwanamke atakayeuliza habari za hedhi na saumu mbele za watu asiowajua. Kwenye brodkasti anakuuliza, kwa sababu kwake yeye yale ni mazungumzo yako na yake tu. Niliandika makala ya kulipa siku za Ramadhan na usiku ule nikapata maswali yasiyopungua kumi, na lililojirudia ni je, na swala nazo nilipe? Hilo lina hadithi ya Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, iko kwa Muslim, kwamba waliamrishwa kulipa saumu na hawakuamrishwa kulipa swala. Hilo nilijibu. Yale yenye tafsili, damu inakuja na kukatika, mtu ana vidonge, hayo sikuyagusa, nina ustadha ninayempelekea na msomaji anajua kabisa kwamba jibu limetoka kwa ustadha. Wenzangu mnaoandika, hapa tusifanye pupa. Mtu akikuamini kwa mapishi asije akakuamini kwa fatwa.

Na hili la uaminifu niliongeze kidogo maana ndiyo biashara yetu nzima. Kila mwaka Ramadhan ikikaribia kunazunguka ule ujumbe wa kwamba atakayekuwa wa kwanza kumpa mwenzake habari za Ramadhan basi moto ni haramu kwake. Mnaujua, pengine mmeutuma. Maulamaa wamesema hauna asli katika hadithi za Mtume, rehma na amani ziwe juu yake. Niliandika makala fupi kuhusu ule ujumbe, kwa upole, sikumtukana aliyetuma kwa sababu mamangu mzazi ni mmoja wao, nikaeleza namna ya kumuuliza mtu "hii iko kitabu gani?" na nikakumbusha ile aya ya Suratul Hujurat ya kuchunguza habari tukiletewa. Mpaka leo hakuna makala yangu iliyosomwa kuishinda ile. Watu waliichukua wakawa wanaijibia kwenye magrupu ya familia. Tangu hapo sitii hadithi bila jina la kitabu na namba yake, kama sina namba hadithi inasubiri, hata kama makala nzima itachelewa Ijumaa mbili.

Nilikosea pia, na makosa yangu yalinitoka kwenye pesa. Kuna kampuni moja ya matangazo, siitaji, ilinifuata ikaniambia nikiweka matangazo yao nitapata chochote cha kulipia domeini. Nikaweka. Ilikuwa Shaaban, nimeandika kuhusu kujitayarisha na mfungo, shangazi yangu akanipigia simu, hakusalimia kwa kirefu, akasema, "Mwanangu, hebu nieleze, huku chini ya saumu mbona pana mpira na pesa?" Nikaenda kwake. Akanifungulia simu yake, makala yangu, aya ya saumu iko pale, na chini yake tangazo la kubeti, kijana amenyanyua mikono na noti zinamwagika. Nilishikwa na aibu nikakosa la kumwambia. Mimi kwenye simu yangu nilikuwa naona tangazo la sabuni, sikujua kwamba kila mtu anaonyeshwa la kwake. Nilipowauliza wale wenye kampuni kama naweza kuzuia ya kubeti, majibu yao yalizungukazunguka wiki mbili, nikayatoa yote, na kile kidogo kilichokuwa kimeingia nikakitoa, sikukila. Ikiwa lazima uweke matangazo, uliza kabla ya kusaini kama utaweza kufunga aina unazozikataa, kamari, pombe, mambo ya wapenzi, waganga, na wakuonyeshe hicho kitufe chenyewe kwa macho yako. Tena fungua makala yako kwenye simu za watu wengine, usitegemee yako.

Folowazi wa kununua pia nilijaribu, elfu nzima, siku moja tu walifika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika neno. Hilo sina zaidi la kusema.

Chaneli ya WhatsApp, ule ukurasa wa kutangaza ambao mtu anaufuata mwenyewe, ninayo vilevile, ilipofika kwetu 2023 nilifungua mapema. Uzuri wake haina mpaka wa 256, na anayefuata hahitaji kusevu namba, na namba yake haionekani kwa wafuasi wenzake, kwa hiyo dada ambaye hataki kujulikana anaingia kwa raha yake. Nimeiweka linki yake chini ya kila makala. Lakini watu hawaniandikii kule kama wanavyoniandikia kwenye brodkasti, wanabonyeza moyo au mikono ya dua wanakwenda zao. Wanaokuja kwa chaneli, wengine baada ya miezi wananitumia salaam ndipo wanaingia kwenye orodha. Kwa kazi hiyo ya kuwa mlango wa nje naipa nyota tatu.

Kwa mwanamke anayeandika, jambo moja la lazima: chukua laini nyengine. Usitumie namba yako ya nyumbani. Mimi nina laini ya blogu na nimeiweka kwenye WhatsApp Business, nayo ya bure, ina lebo za kupanga watu na ina ujumbe wa kujibu wenyewe ukiwa haupo, wangu unasema najibu baina ya laasiri na magharibi, na mwenye kuniandikia saa sita za usiku bila dharura anaupata huo huo. Wanaume wenye maswali nawaelekeza kwa kakangu. Na majina yote nayaandika pia kwenye daftari la karatasi, kwa sababu simu huibiwa, na orodha ya watu waliokuamini si ya kuiacha kwenye kitu kinachoweza kuchomolewa mkobani ukiwa sokoni Marikiti.

Wakati wa kutuma nao una elimu yake. Siku za kawaida natuma baada ya isha, watoto wamelala. Ijumaa asubuhi watu wanaforwadi sana lakini mimi sitafuti hiyo, simu zao zinakuwa zimejaa picha za Jumaa Mubarak na makala inazama. Ramadhan nabadilisha kabisa, mapishi natuma kabla ya adhuhuri maana mtu anaamua futari mapema apate kwenda sokoni, na makala ya kusoma kwa kituo natuma baada ya tarawehe. Kumi la mwisho situmi kitu. Nilianza hivyo kwa ajili yangu mwenyewe, nilijiona nimekaa kwenye mswala na akili yangu iko kwenye hesabu ya waliofungua linki, nikaogopa. Mara ya kwanza nilidhani watu watanisahau, na Iddi mosi nikapata salaam nyingi nisizoweza kuzijibu kwa siku moja.

Picha, kila mtu na msimamo wake na sitaki mjadala, mimi naweka sahani, mikono ikikanda unga, milango ya Mji wa Kale. Sura za watu siweki. Sijaona kama imenipunguzia msomaji.

Kuna wenzetu wanasema hii njia ni ndogo mno, huwezi kufika mbali kwa watu 256. Kwanza unaweza kufungua orodha zaidi ya moja. Lakini pia niwakumbushe mji wetu huu. Mwanachuoni wetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alianzisha gazeti la Sahifa hapa hapa Mombasa 1930, kisha gazeti la Al-Islah 1932, kwa Kiswahili, aliandika kwa watu wake, kwa lugha wanayozungumza nyumbani, juu ya mambo yanayowasibu. Hakungoja awe na wasomaji wa dunia. Nikikaa kuandika makala namfikiria mtu mmoja kwa jina lake, mara nyingi ni yule mama wa kaimati, najiuliza neno hili atalielewa au litamchosha, nikiona litamchosha nalifuta.

Brodkasti naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeizuia kwa sababu kuingiza watu mmoja mmoja kunachosha kweli, na kwa sababu msomaji akibadilisha simu na namba yako ikampotea, anapotea na yeye kimya kimya na wewe hujui kama amekuchoka au amenunua simu mpya. Mimi kila baada ya Iddi napita kwenye daftari, ambaye sijamsikia muda mrefu namtumia salaam ya kawaida bila linki yoyote. Mwaka huu kuna mmoja alinijibu, "Nilidhani umeacha kuandika." Simu yake ilianguka baharini tangu Rajabu. Nikamtumia makala zote alizozikosa, akazisoma usiku ule ule.