Chupa ndogo ya maji kwa aliyepunguzwa tumbo
Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue uzito, siwezi tena kugugumia maji. Nanywa funda dogo dogo, na baada ya kula nasubiri nusu saa, ilhali upepo mkavu wa Dodoma hunikausha midomo kabla ya saa nne asubuhi. Chupa hii ya chuma ya mililita 350, niliyoinunua karibu na soko la Majengo, hutunza ubaridi hadi alasiri, na nikiijaza mara nne nakaribia lita moja na nusu niliyoelekezwa. Mrija wake niliung'oa, kwa kuwa ulinijaza hewa tumboni. Kifuniko nacho huvuja chupa ikilazwa mkobani. Kadi yangu ya kliniki imeshalowa mara mbili.