Filamu haikuganda, mwanangu

Siku kadhaa nimekaa na hasira hii, leo acha niiandike. Nililipa kiingilio kwenye ukumbi mmoja wa hapa mjini kuangalia "Mtu Mwenye Kamera ya Sinema", filamu bubu ya mwaka 1929, kazi ya Dziga Vertov, mtengenezaji filamu wa Kisovieti. Viti, picha, sauti ya muziki, hapo sina neno.

Kasheshe ilianza katikati. Farasi anakimbia na gari lenye kinamama waliopendeza, mara anaganda katikati ya mbio. Zinafuata sura zilizotulia tuli: bibi mzee, mtoto aliyejifunga kitambaa. Ndivyo Vertov alivyotaka! Kisha unamwona Elizaveta Svilova, mke wake na mhariri wake, yuko mezani na mkasi, anakata ukanda, na zile sura zinapata uhai. Umeingizwa jikoni uone chakula kinavyopikwa. Kwangu mimi filamu nzima iko hapo.

Sisi hatukupaona. Kijana wa mitambo alidhani imekwama, akaipeleka mbele. Nikamfuata: "Mwanangu, haijaganda, irudishe." Hata hakugeuka. "Mama, filamu za zamani ndivyo zilivyo. Ukitaka yote kaangalie kwenye simu."

Kwenye simu! Vertov ni mtu aliyejipa jina lenye maana ya pia, ile ya watoto, inayozunguka. Alifukuzwa kazi Moscow mwaka 1927, akapokelewa Ukraine, mdogo wake Mikhail Kaufman akabeba kamera Kyiv, Kharkiv na Odesa. Hakuna mwigizaji, na baada ya tangazo la mwanzo hakuna maandishi ya kukueleza chochote. Maana yote imebebwa na mikato, yaani jinsi picha zilivyokatwa na kuunganishwa. Ukiruka mikato umenyamazisha msemaji. Na miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki 1954, aliachiwa kuhariri filamu za habari tu. Kanyimwa nafasi akiwa hai, leo anakatwa tena na kijana asiyetaka hata kugeuza shingo!

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Lakini kule mwishoni, picha zinapokwenda mbio hadi jicho linashindwa kuzifuata, ukumbi ulikuwa kimya, na mtoto wa mstari wa mbele alikuwa amesimama wima bila kujijua. Basi nendeni. Au hapana, ngojeni: kwanza muulizeni fundi kama filamu yenyewe ameshaitazama. Kama hajaitazama, rudini nyumbani. Mimi zile dakika za Svilova bado nazidai.