Mkasi wa kucha za sungura: makali mazuri, skrubu ya kutu

Nimeununua Nyali, Mombasa, shilingi 650. Unaenea kiganjani, na makali yake yana kibonyeo cha nusu duara ambamo ukucha unakaa usiponyoke. Hapo ndipo unapoishinda neilkata ya binadamu, iliyotengenezewa ukucha bapa. Wa sungura ni wa mviringo, neilkata huuponda ubavuni ukapasuka.

Kwa Pamba, sungura wangu mweupe, kazi ni nyepesi. Mshipa wa damu unaonekana ndani ya ukucha, waridi kabisa, nami nakata milimita 2 au 3 kabla ya kuufikia. Mtihani ni mwenzake, Makaa. Kucha zake ni nyeusi tititi, lazima mtu amulike tochi ya simu kwa upande wa pili mpaka kivuli cha mshipa kijitokeze. Mshika tochi wetu ni binti yangu, ambaye hulalamika kuliko sungura. Usipouona mshipa, punguza ncha tu, urudi tena baada ya wiki mbili.

Pakiti ina picha ya sungura kalazwa chali kama mtoto anayebadilishwa nepi. Msiifuate. Akilazwa hivyo hutulia kwa hofu, wala si kwa raha, na akirusha teke la ghafla anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mimi humfunga leso kuukuu, nikampakata, miguu ya nyuma imeegemea tumbo langu, kisha natoa mguu mmoja mmoja. Kucha ni 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila wa nyuma. Ile ya tano imejificha upande wa ndani, juu kidogo, nayo ndiyo husahauliwa ikajikunja. Tena iwe asubuhi mapema. Sungura hatoki jasho, na joto letu la Februari linamtosha bila leso.

Kasoro zipo. Mpini unateleza mkono ukilowa jasho. Skrubu ilishika kutu upesi, maana hapa Tudor hewa ya chumvi haiachi chuma; sasa naipaka mafuta ya cherehani. Wala hauji na unga wa kukausha damu, kwa hiyo weka unga wa ngano kwenye kisahani: mshipa ukikatwa, bonyeza unga kwenye ncha mpaka damu ikatike.

Muuzaji alinipigia debe aina ya pete, ule wa kupenyeza ukucha tunduni, kwa bei karibu maradufu. Nikamwachia. Pete inaziba pale makali yanapopita, na kucha za Makaa sizikati kwa kubahatisha.