TAHADHARI: Fyuzi za kiboksi zisizokata zinaunguza magari yetu

Wakuu, kama una gari la zamani na hivi karibuni umenunua zile fyuzi za kuchanganya kwenye kiboksi cha plastiki Kariakoo, tafadhali soma hapa kabla hujawasha taa kubwa usiku wa leo.

Kiboksi kina mfuniko unaoonyesha ndani, na fyuzi za miguu bapa za rangi zote. Hakina jina la kiwanda wala nchi. Muuzaji anakutajia bei ya kutupa, kisha anazisifia: "Hizi ngumu bosi, hazikati ovyo." Sifa hiyo peke yake inatosha kumtilia shaka. Kazi ya fyuzi ni kukata umeme ukizidi. Isiyokata ni sawa na mlinzi aliyelala getini.

Corolla 110 ya mdogo wangu ilikuwa inakata fyuzi ya taa ya kushoto kila mara. Akauziwa hizo, taa ikawaka, akaona tatizo limekwisha. Siku chache baadaye, akiwa barabarani usiku, harufu ya plastiki ikajaa ndani ya gari. Tulipofungua boneti, ganda la waya lilikuwa limeyeyuka kutoka kwenye boksi la fyuzi hadi nyuma ya taa, imebaki shaba tupu. Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo sana: waya ulisuguana na bati mpaka ukachubuka, ukawa unapiga shoti kwenye bodi gari likitikisika. Zile fyuzi za mwanzo zilizokuwa zinaungua zilikuwa zinatuambia ukweli. Hii mpya, imeandikwa 15 (yaani ampea 15), tuliichomoa ikiwa nzima kabisa.

Nikazipima zilizobaki. Nilichukua balbu ya taa kubwa, H4 ya kawaida, yenye nyuzi mbili za wati 60 na 55, nikaziwasha zote, fulu na dimu kwa pamoja, kwa betri ya volti 12 kupitia fyuzi iliyoandikwa 5. Hapo unapita umeme wa karibu ampea 10, yaani mara mbili ya kiwango chake. Fyuzi halali ikibebeshwa mara mbili inatakiwa ikate ndani ya sekunde 5 hivi. Ile ya kiboksi iliendelea tu, mpaka plastiki yake ikaanza kulegea vidoleni, na uzi wa ndani haujakatika. Yeyote mwenye betri, balbu na vipande vya waya mnene anaweza kurudia kipimo hiki nyumbani. Shika kwa koleo, na balbu usiiguse, inachoma.

Usipokuwa na nafasi ya kupima, chungulia ndani. Uzi wa fyuzi ya 5 unatakiwa uwe mwembamba waziwazi kuliko wa 30. Za huyu bwana zote zina uzi wa unene mmoja, zimebadilishwa rangi tu. Pitisha na sumaku: fyuzi nzuri nyingi ni za zinki, hazinaswi. Ikinasa, hicho ni chuma. Rangi ziko hivi: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Lakini rangi inaigizwa, kwa hiyo usiitegemee.

Muuzaji tulimrudia. Akasema fundi wetu ndiye mbovu, risiti hakutoa, na kiboksi bado kipo juu ya meza anauzia wengine. Hili ndilo linaloniuma, maana wateja wake ni sisi wenye magari ya miaka ya 1990, ambayo waya zake zimeshakauka na kupasuka.

Taa ikizima upande mmoja, anza na fyuzi ya upande huo. Toyota nyingi za umri huo zina ya kulia na ya kushoto, na kiwango kimeandikwa kwenye mfuniko wa boksi. Gusa kwa testa (kitaa cha kupimia umeme) vile vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi, taa ikiwa imewashwa. Testa ikiwaka kwenye vyote viwili, fyuzi haina kosa, nenda kwenye balbu na soketi. Ikiwaka kwenye kimoja tu, fyuzi imekata. Taa zote mbili zikizima, ya kulia na ya kushoto, tazama rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na swichi ya taa. Fyuzi mpya ikikata tena, tafuta waya uliochubuka. Usipandishe kutoka 15 kwenda 30, na fundi akikuwekea waya wa shaba badala ya fyuzi, mwambie autoe mbele yako.

Fyuzi nunua moja moja, yenye kiwango na alama ya kiwanda mgongoni, kwenye duka linalotoa risiti ya EFD. Ukiwa na risiti, bidhaa bandia unaweza kuiripoti Tume ya Ushindani. Ulizonazo za kiboksi zivunje kwa koleo kabla ya kutupa, zisije zikaokotwa na kuuzwa tena.