Trela la kambi au hema la kwenye keria?

Gibb River Road, huko Kimberley, Australia Magharibi, ina urefu wa kilomita 660 hivi, nyingi zikiwa za vumbi na changarawe. Ukivuta trela, raha yake utaiona ukishafika: unalifungua kambini, unaacha kitanda na jiko palepale, kesho yake unakwenda kuzuru makorongo na gari jepesi. Hema la kwenye keria, yaani juu ya paa la gari, halikupi hilo. Kila asubuhi ni kulikunja, hata kama unatoka kwa saa moja tu.

Ila barabara nayo ina neno lake. Vile vijituta vya vumbi, kimoja baada ya kingine, hutikisa trela kutwa nzima: nati zinalegea, springi zinakatika, shokapu zinachemka. Lazima upunguze upepo wa matairi, ya gari na ya trela pia, kisha uende taratibu. Kwenye mto Pentecost, ambao barabara hii inaukatiza, trela linakufuata juu ya mawe ndani ya maji, na kurudi nyuma nalo ni kazi kweli. Hema huongeza uzito juu, basi kwenye kona uwe makini.

Wenye watoto, chukueni trela imara. Watu wawili wanaohama kila siku, hema, tena bila kusita.