Kijitabu cha Kiswidi kwa mabaharia wa Lamu: kinunue kwa ajili ya "få"

Kijitabu hiki cha fotokopi, kinachouzwa shilingi 200 karibu na gati la Lamu, kimewalenga mabaharia na waongoza watalii. Salamu na hesabu zake ni za kawaida tu. Kilichokipa thamani ni kurasa za kitenzi få, yaani kupata au kuruhusiwa.

Chimbuko limeelezwa sawasawa. Katika Kinorse cha kale, lugha iliyozaa Kiswidi, fá ina asili ya kukamata, na ndugu yake wa Kijerumani, fangen, bado ana maana hiyo. Waswidi wakatoka kwenye kukamata wakaingia kwenye kupata, kisha kuruhusiwa. Maumbo ya kukariri ni manne: få (kitenzi chenyewe), får (wakati uliopo), fick (uliopita), fått (hali timilifu). Nafsi haibadilishi kitu. Mimi, wewe, wao, wote får.

Kazi iko kwenye maana ya kulazimika. "Ni får vänta" huweza kuwa "mna ruhusa ya kungoja" au "itabidi mngoje". Mazingira ndiyo huamua. Ukikanusha, utata unaondoka: "Ni får inte gå in med skor" ni katazo, hamruhusiwi kuingia na viatu. Hapa kijitabu kimepunguka, maana hakimwambii msomaji kwamba "si lazima" ni behöver inte. Anayetumia får inte kumwambia mgeni kuwa halazimiki kuogelea, amemkataza kuogelea.

Mfano wa pomboo ni mzuri kupita yote. Abiria akiuliza kama watawaona upande wa Manda Toto, jibu salama ni "Vi får se": tutaona, hatujui bado. Ukiongeza neno moja tu, "Vi får se delfiner", umeshamwahidi kwamba atawaona. Kusi ikichafua maji mkarudi patupu, ana haki ya kudai.

Kasoro kubwa ni uchapaji. Fotokopi imefuta viduara juu ya å kwenye kurasa nyingi, na får bila kiduara ni far, yaani baba. Å ndefu hutamkwa karibu na "oo": få ni "foo". Kwenye fått ni o fupi, na t inakazwa. Kabla ya kukariri chochote, chukua kalamu urudishe viduara kwenye få, får na fått, fick haina. Bora zaidi, mwombe muuzaji nakala iliyotolewa kwenye karatasi ya kwanza, isiyo fotokopi ya fotokopi.